Mshirika wa Mgongoni

Siku ya kumi na tisa ya ukungu, Mwalimu Eseri Tweve aliingia darasani na makopo mawili ya maharage, na kabla hajayaweka mezani alijua kwamba somo limeharibika.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walisimama kumwamkia. Walisimama mmoja mmoja, wakishika madawati, kama wazee wanaoinuka msibani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Walikuwa thelathini na wanne. Mashati yao yalikuwa wazi mgongoni, kama yalivyoshonwa mashati ya watoto wote wa nchi tangu Miaka ya Vumbi ilipopita, na kila mgongo ulikuwa wa kijani. Siku za kawaida kijani hicho kilikuwa kama cha majani machanga ya njegere. Leo kilikuwa kimekoza hadi kukaribia weusi. Shule ilikaa juu kabisa ya milima ya Makete, na tangu Juni ianze hakuna aliyeliona jua hata kwa saa moja.

"Nani atukumbushe tulipanda nini?"

Ahimidiwe Chaula aliinua mkono. Huyu alikuwa wa kwanza kuinua mkono kila siku, hata asipojua jibu.

"Kopo la kwanza lina maharage yenye vinundu kwenye mizizi, mwalimu. Ndani ya vinundu mna bakteria. Udongo wa kopo la pili tuliuchemsha, kwa hiyo hamna. Tulitarajia la kwanza listawi kuliko la pili."

"Kwa nini?"

"Bakteria wanalipa haragwe mbolea, na haragwe linawapa bakteria sukari. Kila mmoja anafaidika."

"Haya, njoo utazame."

Ahimidiwe alikuja mbele, akainama juu ya makopo. Maharage ya kopo la kwanza yalikuwa yamelala juu ya udongo, manjano, mashina yamelegea kama uzi uliolowa. Ya kopo la pili yalikuwa membamba na dhaifu, lakini yalikuwa yamesimama.

Eseri angeweza kusema wamekosea kumwagilia. Angeweza kuwaambia wafungue kitabu ukurasa wa tisini, penye picha ya mtoto anayecheka juani na maneno: *Mfano bora wa kufaidiana ni binadamu na Mshirika wake.* Miaka kumi na mmoja alikuwa ameufundisha ukurasa huo bila kusita.

"Mwalimu," Ahimidiwe alisema, "mbona yenye rafiki ndiyo yaliyokufa kwanza?"

"Tufikiri pamoja. Haragwe hutengeneza sukari kwa kutumia nini?"

"Mwanga," darasa lilijibu kwa uvivu.

"Na mwanga ukikosekana?"

"Haliwezi kutengeneza."

"Na hao walio ndani ya vinundu, wanaacha kula?"

Eseri aliona mkono wa msichana mmoja wa mstari wa nyuma ukipanda taratibu, ukapita juu ya bega, ukaugusa mgongo wake mwenyewe. Kisha mwingine. Ndipo kiti kilipoanguka kwa kishindo, na Nyemo Chilewa, aliyekaa karibu na dirisha, akawa sakafuni.

*

Muuguzi wa shule aliitwa Mama Kyando. Alimchoma Nyemo kidoleni, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akakigeuzia kioo chake upande wa Eseri. Sukari ilikuwa mbili nukta tatu, chini sana.

"Ni wa saba huyu tangu Jumatatu," alisema. "Nimempa uji wenye vijiko vinne vya sukari. Subiri, utaona mwenyewe."

Walisubiri. Baada ya robo saa kipimo kilisoma tano. Nyemo alifumbua macho akauliza kama vipindi vimekwisha. Baada ya saa nzima kilisoma mbili nukta sita, na macho yalikuwa yamefumba tena.

"Mgeuze," Eseri alisema.

Nyemo alitoka uwanda wa Bahi, huko ambako Miaka ya Vumbi iliua watu wengi kuliko kwingine. Watoto wa huko walipandwa Mshirika mgongo mzima, kutoka shingoni hadi kwenye mapaja, wakati watoto wa milimani walipandwa kiraka cha upana wa viganja viwili. Eseri aliuweka mkono wake kwenye mgongo huo. Ulikuwa wa baridi, na kijani chake kiling'aa kama jani lililotoka kunyeshewa.

Mshirika alikuwa mwani uliozalishwa maabara. Mtoto alipandwa akiwa na wiki sita. Mwani ule ulitambaa chini ya ngozi, ukapumua kupitia vinyweleo vyake, ukala hewa chafu ya damu, na jua lilipowaka ukamwaga sukari kwenye mishipa. Aliyepandwa alihitaji kikombe kimoja tu cha uji kwa siku, na tumbo lake halikudai zaidi. Vifo vya njaa vilikoma ndani ya miaka minne. Eseri alizaliwa kabla ya hapo. Mgongo wake ulikuwa mweusi kama mama yake alivyomzaa, na alikuwa na wadogo wawili ambao hawakuuona mwaka wa Mshirika.

"Anakula kilicho ndani," Eseri alisema.

"Nani?"

"Yeye. Mshirika. Jua halipo, hatengenezi chochote, lakini bado yuko hai na anataka kula. Uji wote unaompa Nyemo, unamlisha yeye. Ndiyo maana wenye viraka vikubwa ndio wanaoanguka kwanza."

Mama Kyando alilivuta blanketi akamfunika Nyemo. "Basi tuwawashie taa."

Lakini taa za shule zilitegemea paneli za juani, na paneli zilikuwa na siku kumi na tatu hazijaingiza umeme wa maana. Kilichobaki kwenye betri kilitosha simu ya upepo na jokofu la dawa.

*

Mkuu wa shule, Bwana Obedi Mahenge, aliishika simu ya upepo kwa mikono miwili. Sauti iliyotoka upande wa pili ilikuwa ya Daktari Mbwilo wa Mamlaka ya Lishe Hai, mwanamke mzee aliyezungumza taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alimsikiliza Eseri mpaka mwisho.

"Tunalijua hilo," alisema.

"Mnalijua?"

"Tuliliona maabara, gizani. Lakini Mshirika alitengenezwa kwa ajili ya uwandani, mwanangu. Kule hakuna wiki tatu za ukungu. Shule za milimani zilikuja baadaye, na ukungu wa namna hii haujawahi kutokea."

"Leteni taa. Leteni sukari ya mshipani."

"Barabara imekatika sehemu mbili. Vyombo vya angani haviruki kwenye ukungu huo. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema siku nne, pengine tano. Wafunikeni, wasitembee, wapeni uji kidogo kidogo. Vumilieni."

"Nina mrututu," Eseri alisema.

Bwana Mahenge alimkazia macho.

"Ule wa kunyunyizia viazi?" daktari aliuliza.

"Ule wa viazi. Unaua mwani kwenye mabwawa. Nikiuzimua, nikalaza kitambaa mgongoni kwa saa moja, utapenya."

"Utapenya, ndiyo. Sasa nisikilize vizuri." Upole ulikuwa umepungua katika sauti. "Mwili uliompoteza Mshirika haumpokei tena. Tumejaribu, tumeshindwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliowapanda watoto wa Bahi. Kabla ya kuwapanda, nilizika kaka zao. Ukimwosha msichana huyo, utakuwa umemrudisha kule kule, mahali ambapo watu wameshaacha kulima kwa sababu hawana haja. Na sheria inayokataza kumwondoa Mshirika unaifahamu."

"Na asipofika siku ya nne?"

"Wengi watafika," Daktari Mbwilo alisema.

Simu ilipozimwa, Bwana Mahenge alijifuta jasho ingawa ofisi ilikuwa ya baridi. "Wanafunzi wasiambiwe, Mwalimu Tweve. Watoto mia tatu wakipata hofu, nitawashikaje?"

"Wameshaanza kujishika migongo, Mkuu."

"Hata hivyo."

*

Asubuhi iliyofuata Eseri aliliambia darasa lake. Alichora ubaoni masanduku matatu ya kitabuni, akaandika ndani yake: wanaofaidiana, mmoja anafaidika na mwenzake hadhuriki, mmoja anamnyonya mwenzake. Halafu akayafuta yote kwa kiganja, akachora mstari mmoja mrefu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kitabu kimewafundisha kwamba kila uhusiano una sanduku lake. Na mimi nimewafundisha hivyo hivyo. Nilikosea. Viumbe hawakai kwenye masanduku, wanatembea kwenye mstari. Juani, haragwe na bakteria wake wako huku. Gizani, wanasogea mpaka kule. Hakuna aliyebadilika tabia, ni hali tu iliyobadilika."

"Kwa hiyo Mshirika ametusaliti," mtu alisema.

"Hapana. Hajui kusaliti. Ana njaa, na ninyi ndio mlio karibu."

Aliwaeleza habari za mrututu, za sheria, na za mwili usiompokea Mshirika mara ya pili. Aliwaeleza kwamba jua lingeweza kurudi baada ya siku nne. Hakuficha kwamba yeye mwenyewe hakujua lipi ni bora.

Ahimidiwe alisimama bila kuinua mkono. "Nilipopandwa nilikuwa na wiki sita. Hakuna aliyeniuliza. Niulizeni sasa."

"Wewe baba yako ana shamba la viazi!" Aliyesema alikuwa Masunga Lugata, kijana mrefu aliyeletwa kutoka Shinyanga kwa sababu ya alama zake za hesabu. Midomo yake ilikuwa imekauka na alizungumza akiwa amelaza kichwa kwenye dawati. "Ukioshwa, utakwenda kwenu utakula viazi. Sisi wengine kwetu ni vumbi tupu. Mgongo huu ndio shamba langu. Mimi siuoshi, mwalimu. Hata nikianguka, msinioshe. Andika."

"Nimesikia, Masunga."

"Andika, mwalimu."

Eseri aliandika jina lake na maneno yake, akamwonyesha. Masunga aliyasoma, akaitikia kwa kichwa.

Baada ya kipindi, Ahimidiwe alimfuata hadi chumba cha wagonjwa. Mama Kyando alikuwa ameinama juu ya Nyemo, akimpiga makofi madogo mashavuni. Kipimo kilisoma moja nukta tisa. Sukari ya mshipani ilikuwa imekwisha tangu jana, na Nyemo hakuweza tena kumeza uji.

"Hafiki jioni," Mama Kyando alisema. "Nimeuguza miaka ishirini na sita. Huyu hafiki."

Eseri alimgeukia Ahimidiwe. "Mnakaa dawati moja. Aliwahi kusema lolote? Kuhusu Mshirika?"

Msichana alitazama sakafu. "Angekataa, mwalimu."

"Una hakika?"

"Kwao wako tisa. Bibi yake amewakataza hata kusema neno njaa ndani ya nyumba. Juzi aliniambia, mgongo wake ukipata jeraha dogo tu, mama yake huwa halali. Angekataa kama Masunga."

"Lakini hakukuambia kwamba anakataa."

"Hakuniambia hivyo. Ila namfahamu."

Eseri aliondoka kwenda ofisini. Ufunguo wa stoo ya shamba ulikuwa kwenye mnyororo wa Bwana Mahenge. Hakuuomba. Alisimama tu mbele ya meza yake, na mkuu wa shule alimtazama kwa muda mrefu, akauchomoa ufunguo kwenye mnyororo, akauweka juu ya meza kati yao.

"Mimi nakwenda kukagua mabweni," alisema, akatoka bila kumtazama tena.

Mrututu ulikuwa kwenye mfuko wa kilo tano, mawe ya buluu yanayopendeza kama peremende. Eseri alipima kwa mizani ya maabara, akapima tena kuhakikisha. Aliyeyusha, akachuja, akalowesha shuka iliyokunjwa mara nne. Aliporudi, Ahimidiwe alikuwa bado amesimama mlangoni mwa chumba cha wagonjwa.

"Na mimi nilisema niulizwe," alisema.

"Nakuuliza. Nikimaliza na Nyemo, nikuoshe?"

Ahimidiwe alifungua kifungo cha shingoni. Aliitazama shuka ya buluu, akautazama mgongo wa rafiki yake, halafu akakifunga kifungo kile polepole.

"Si leo, mwalimu."

"Sawa."

"Najua niliongea sana darasani."

"Si kosa. Nishikie miguu yake. Itamuuma, hata kama hana fahamu."

Ilimuuma. Nyemo alitoa sauti ndogo isiyokuwa na maneno na mwili wake ulijikunja, na wote watatu walimshikilia. Katika dakika ya ishirini, majimaji ya kijani yalianza kuchuruzika pembeni mwa shuka hadi kwenye godoro. Yalikuwa na harufu ya bwawa. Saa moja ilipotimia, Eseri aliiondoa shuka, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyekundu, imevimba, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni ilikuwa ngozi tu.

Kipimo kilisoma mbili. Baada ya nusu saa, mbili nukta nane. Mama Kyando alimtia uji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone, na safari hii sukari ilipopanda, ilibaki pale pale ilipofika.

*

Masunga alianguka alasiri hiyo hiyo. Eseri alikaa naye siku mbili. Shuka ilikuwa kwenye ndoo, mrututu ulikuwa kwenye chupa, na kila alipoinuka kunyoosha miguu alijikuta amesogea upande wa ndoo. Maneno ya kijana yalikuwa kwenye daftari la mwalimu, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Mara moja, siku ya pili mchana, aliilowesha shuka kabisa. Mama Kyando hakumzuia wala hakumhimiza.

"Huyu alikuambia kwa kinywa chake," alisema tu.

Eseri aliikamua shuka na kuianika.

Masunga Lugata alifariki siku ya ishirini na tatu ya ukungu, saa moja na nusu asubuhi. Saa nne kasoro, upepo wa kusini ulivuma kutoka bondeni, ukungu ukachanika kama nguo kuukuu, na jua likamwagika juu ya shule nzima kwa mpigo mmoja.

Hakuna kengele iliyopigwa. Watoto walitoka madarasani, wengine kwa kutambaa, wakajilaza kifudifudi kwenye nyasi za uwanjani. Wale wagonjwa sita waliosalia walibebwa kwa mablanketi. Kufikia saa sita, kijani cha migongo yao kilikuwa kimeanza kurudi kuwa cha njegere, na mmoja wa wale sita, aliyekuwa na kiraka kikubwa karibu sawa na cha Nyemo, aliketi akaomba maji.

Eseri alimwona kupitia dirisha la chumba cha wagonjwa. Nyuma yake, Nyemo alikuwa amekaa kitandani, amefungwa bandeji kutoka shingoni hadi kiunoni. Naye alikuwa akitazama nje.

"Mwalimu."

"Naam."

"Nisingeoshwa, ningekufa?"

Jibu la haraka lilikuwa tayari mdomoni. Mama Kyando alilitamka mara nyingi tangu jana, na Bwana Mahenge alikwishaliandika kwenye taarifa aliyoitayarisha kwa ajili ya maofisa wa Mamlaka, waliokuwa njiani.

"Sijui," Eseri alisema. "Nilidhani hivyo. Mama Kyando ana hakika. Mimi sina."

"Masunga hakuoshwa, akafa."

"Ndiyo."

"Yule pale hakuoshwa, na yuko hai."

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka Nyemo bila sauti, na hakuyafuta. "Ahimidiwe amenieleza kwamba alikuambia ningekataa."

"Aliniambia."

"Na ukaniosha."

"Nilikuosha. Maofisa wakija nitawaambia hivyo hivyo, kwamba niliambiwa, na nikaamua. Sitasema sikujua."

"Usiwaambie uliniokoa."

"Sitawaambia hivyo."

Nje mtu alianza kucheka, kicheko kikavu cha mtu aliyechoka, na wengine wakakidaka. Nyemo aliwasikiliza. Kisha uso wake ulibadilika. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, akainama mbele, macho yamemtoka kwa hofu.

"Mwalimu, kuna kitu."

"Wapi? Mgongoni?"

"Hapa. Ndani. Kama mtu ananikamua, halafu anaachia, halafu anakamua tena. Na mikono inatetemeka." Alipumua kwa kasi. "Ni ile dawa? Imeingia tumboni?"

Eseri alikaa kando ya kitanda. Alimtazama msichana wa miaka kumi na sita, aliyezaliwa Bahi, katika nyumba ambamo neno lile lilikuwa mwiko, na akatambua kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Si dawa," alisema. "Usiogope. Hiyo inaitwa njaa."

"Inakwisha?"

"Ukila inakwisha. Halafu inarudi. Kila siku inarudi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi ninayo tangu nizaliwe." Alimpa mkono. "Simama polepole. Twende jikoni nikufundishe kusonga ugali."